Sitashukuru kwa Jeneza

Mwanangu wa kwanza hakuweza kucheza mpira, kwa hiyo aliutangaza. Nyumba yetu ya Butimba iko juu kidogo ya kiwanja cha vumbi ambapo watoto wa mtaa hukusanyika jioni, na kando ya kiwanja kuna jiwe kubwa ambalo lilikuwa kiti chake. Alikaa pale na gunzi la hindi mkononi, akilifanya kipaza sauti, akiwapa wenzake majina ya wachezaji wakubwa na kupiga kelele kila bao kana kwamba taifa zima linamsikiliza. Siku ambazo hakutoka, wenzake walikuja mlangoni kuniuliza kama anaendelea vizuri. Nilijua wananiuliza kwa sababu wanampenda, na pia kwa sababu mechi isiyotangazwa haikunoga.

Alikuwa na selimundu, ule ugonjwa ambao wengi huuita siko seli. Chembe za damu zinajikunja kama mundu, zinakwama kwenye mishipa, na mtoto anaumwa mifupa kwa namna ambayo mtu mzima hawezi kuitazama bila kugeuza uso. Tuliujua akiwa bado anajifunza kutembea, baada ya mikono na miguu yake kuvimba. Daktari alitueleza kwa upole kwamba mimi nina nusu ya ugonjwa na mume wangu ana nusu yake, na kwamba sisi wenyewe hatuumwi, ila mtoto akipata nusu zote mbili ndiye anayeumwa. Siku ya ndoa yetu mchungaji aliuliza kama kuna mwenye pingamizi, na hakuna aliyesimama. Pingamizi lilikuwa ndani ya damu yetu, nalo halikunyoosha mkono.

Mimi ni fundi cherehani, nashona sare za shule. Mume wangu anafanya kazi kwenye kiwanda cha minofu ya samaki, na ni mtu wa maneno machache. Kwa hiyo mimi ndiye niliyepokea maneno ya watu. Walioniona nimembeba mgongoni kwenda hospitali wakati miguu yake ilikuwa tayari inakaribia kugusa chini, waliniambia Mungu hampi mtu mzigo asioweza kuubeba. Mwanzoni niliitikia amina. Baadaye nikaanza kuwajibu kwamba mzigo huu hakupewa mama, amepewa mtoto, na mtoto hakuulizwa kama anauweza. Wengi hawakupenda jibu hilo. Mama mmoja wa kanisani kwetu, mtu mwema ambaye amewahi kuniletea uji wodini, aliniambia nichunge ulimi wangu, mtoto asije akapata mabaya kwa sababu yake. Nikamwuliza ni Mungu gani huyo anayesikia ulimi wa mama akampiga mtoto. Uji aliendelea kuleta.

Msimu ule wa likizo tulikuwa Sengerema kwa mama mkwe wangu, mimi na watoto wote wawili, yeye na mdogo wake wa kike. Asubuhi moja aliamka akisema kifua kinabana. Hospitali ya pale walimpokea vizuri, wakamwekea hewa na damu, kisha wakaona ni lazima avushwe kwenda Mwanza kwenye hospitali kubwa. Wakati huo daraja la ziwani lilikuwa bado halijafunguliwa; nguzo zake zilikuwa zimesimama majini na sisi tulivuka kwa kivuko kama siku zote. Gari la wagonjwa lilipewa nafasi ya kwanza. Tulipokuwa katikati ya maji, tukielekea Kigongo, upande wa Mwanza, mama mmoja abiria alisogea dirishani kwetu, akamwona mtoto, akaanza kumwombea. Aliomba kwa machozi ya kweli. Alipomaliza aliniambia nijipe moyo, huu ni mtihani tu.

Alipoondoka, mwanangu aliisogeza kidogo ile barakoa ya hewa mdomoni.

"Mama," alisema, "huu mtihani ni wako au ni wangu?"

Nilimrudishia barakoa, nikamwambia asiongee, apumzike. Kama mtihani ulikuwa wangu, basi mwanangu alikuwa karatasi tu iliyoandikiwa maswali ya mtu mwingine. Kama ulikuwa wake, ni mwalimu gani anayemtahini mtoto kwa kumnyima pumzi? Gari lilipanda kutoka kivukoni na kushika barabara ya mjini, na njia nzima swali lile lilikaa kati yetu kama mtu wa tatu.

Alifariki kesho yake mchana. Madaktari walifanya waliloweza. Niliwaona, na sina neno juu yao. Mchungaji wetu naye alikuwa amekuja mapema akalala kwenye kitanda cha maabara na kutoa damu yake kwa ajili ya mtoto. Nalisema hili ili mtu asidhani kwamba ninayemwandika hapa chini ni mtu mbaya. Damu ya mchungaji ilikuwa bado inaingia mwilini mwa mwanangu alipokata roho.

Tulimsafirisha kurudi Sengerema, kwenye makaburi ya ukoo wa baba yake. Shemeji yangu, mdogo wa mume wangu, ndiye aliyepewa kazi ya kuandika wasifu wa marehemu. Aliuandika vizuri na kunisomea tukiwa ndani, mimi nikiwa nimekaa kwenye mkeka na wanawake wenzangu. Kuzaliwa kwake, shule yake, kuugua kwake, hata kutangaza mpira alikutaja. Mwishoni akamalizia kama wasifu wote unavyomalizika: sisi tulikupenda, lakini Mungu amekupenda zaidi.

Nilimwomba aiondoe sentensi ile. Alidhani hakunisikia vizuri. Nikarudia. Akaniambia kwa sauti ya chini, kama mtu anayezungumza na mgonjwa, kwamba shemeji, hivi ndivyo inavyoandikwa, watu watashangaa isipokuwepo. Nikamwambia basi anipe karatasi, nitasoma mwenyewe. Wanawake walinishika mikono. Kwetu mama wa marehemu hasomi wasifu. Analia, anashikiliwa, na ikibidi anazimia. Lakini mume wangu, ambaye alikuwa amesimama mlangoni na alisikia yote, alisema, "Mwacheni asome." Hayo ndiyo maneno pekee ninayokumbuka alisema siku ile.

Nilisoma nikiwa nimesimama karibu na jeneza, kipaza sauti mkononi. Nilisoma mpaka mwisho wa karatasi, pale ilipokuwa ile sentensi. Kisha nikasema:

"Hapa pameandikwa kwamba Mungu amempenda zaidi. Mimi nilimpenda mwanangu, na sikuwahi kumvunja mifupa. Sikumziba pumzi. Kama hivyo ndivyo Mungu anavyopenda, mimi nimempenda zaidi yake. Lakini siamini kwamba hivyo ndivyo anavyopenda. Mwanangu ameuawa na ugonjwa. Msimsingizie Mungu mbele ya kaburi la mtoto wangu. Sitashukuru kwa jeneza."

Nikakunja karatasi. Wale vijana waliokuwa tayari na majembe waliangalia chini. Mwongoza kwaya yetu ya Butimba, iliyovuka nasi, alianzisha wimbo haraka haraka, kwa ufunguo wa juu mno, na wanakwaya wakahangaika kumfuata. Mimi nilikuwa nikiimba nao sauti ya pili kwa miaka mingi, na hata katika hali ile nilisikia kwamba wameimba vibaya.

Siku zilizofuata za msiba watu walikuja, wakatoa pole, lakini walikaa mbali kidogo na mkeka wangu. Niliambiwa baadaye kwamba kuna waliosema nimekufuru, na wengine kwamba nimechanganyikiwa. Kilichoniumiza zaidi ni mama mkwe wangu. Yeye ni mmoja wa waumini wa kwanza wa kanisa la pale kijijini, mwanamke ambaye hajawahi kukosa ibada ila kwa kuumwa. Tangu mazishini hakuwa amenisemesha zaidi ya kunijibu marahaba kila asubuhi. Nilijua namna alivyompenda mjukuu wake, na nilidhani nimeharibu mazishi yake.

Watu walipotawanyika aliniita jikoni. Alikuwa amekaa kwenye kigoda anachambua michembe, vile viazi vitamu vilivyokatwa na kukaushwa juani, akitoa vilivyoliwa na wadudu. Nikakaa chini, nikaanza kuchambua naye.

Kisha akaniambia kwamba yeye alizika watoto wanne. Nilijua mume wangu alikuwa na ndugu waliofariki wadogo, lakini si kwa hesabu hiyo. Alisema wa kwanza watu walisema ni homa. Wa pili walinyamaza. Wote walikuwa na macho ya njano, wote walilia mifupa, wote waliishiwa damu. Alipofariki wa tatu, watu wakaanza kumtazama yeye. Mashangazi wa mume wake walisema wazi kwamba huyu mwanamke anawala watoto wake. Katika nchi yetu neno hilo si la kuchezea. Wanawake wameuawa kwa neno hilo. Baba mkwe wangu, ambaye simfahamu maana alifariki kabla sijaolewa, aliondoa panga chini ya kitanda akalificha kwa jirani, kwa kuogopa ndugu zake mwenyewe wasije wakalitumia kwa mkewe.

"Aliyeniokoa ni mwinjilisti," mama mkwe alisema. "Alisimama kwenye kaburi la yule wa nne akawaambia watu wote, Mungu ndiye aliyemchukua, amempenda zaidi. Watu wakamwamini. Kama ni Mungu, basi si mimi. Tangu siku ile nimelishika neno lile kama fimbo. Wewe umelivunja mbele ya watu wale wale."

Nilimwomba anisamehe. Akatikisa kichwa, akasema hajaniita niombe msamaha.

"Nimemsingizia Mungu miaka yote hii," alisema, "ili wao wasinisingizie mimi."

Hapo ndipo nilipomweleza yale ambayo daktari alitueleza, na ambayo sijui kwa nini hatukuwahi kumweleza yeye. Kwamba ni damu. Kwamba yeye alikuwa na nusu na marehemu mume wake nusu, na hakuna aliyejua. Alisikiliza bila kuacha kuchambua. Aliuliza, "Kwa hiyo si mimi?" Nikamwambia si wewe, mama, na si Mungu. Akauliza ugonjwa wenyewe ulitoka wapi. Nikamwambia daktari alisema wenye nusu tu hawauawi kirahisi na malaria, na ndiyo maana kwetu huku kwenye ziwa na mbu wake damu hii ni nyingi. Wazee wetu wengi waliishi kwa sababu yake. Daktari alinieleza hivyo kama kunifariji.

Mama mkwe aliweka ungo chini.

"Kwa hiyo wanangu wanne na mjukuu wangu wamelipia uhai wa wengine," alisema.

"Ndivyo alivyosema."

"Na hakuna aliyewauliza."

"Hakuna, mama."

Alirudi kwenye michembe yake. Sikuwahi kusikia mchungaji yeyote akilisema tatizo lile kwa ufupi namna ile, wala sikusikia jibu lake, siku ile au baadaye.

Tuliporudi Butimba habari zilikuwa zimetangulia. Mchungaji alikuja nyumbani kwanza peke yake. Hakugomba. Aliniambia wazee wa kanisa wameomba nifike mbele yao, na kwamba yeye ameona njia rahisi: niseme tu kwamba uchungu ndio ulionisemesha. Kila mzazi angenielewa, jambo lingeisha hapo hapo. Nilimshukuru, maana niliona anataka kunisaidia. Lakini nilimwambia kwamba uchungu ulikuwepo, ila aliyesema ni mimi.

Siku moja kabla ya kikao mama mkwe aliingia bila taarifa, akiwa na mfuko wa michembe na kitenge chake cha ibada. Alisema amekuja kusalimia. Kesho yake baada ya ibada alinifuata mpaka ndani ya chumba cha wazee, akawasalimia, akakaa kwenye benchi la nyuma. Hakuna aliyethubutu kumwambia bibi wa umri ule atoke.

Mzee wa kwanza kuzungumza alinikumbusha yule mtu mwenye haki katika Maandiko, aliyepoteza wanawe wote kwa mara moja na bado akamhimidi Mungu. Nikamjibu kwamba habari ile haiishii pale. Mtu yule aligombana na Mungu sura baada ya sura, na waliokemewa mwishoni ni marafiki zake waliokuja na maelezo mazuri. Mzee akafunga Biblia yake, akasema yeye hakuja kufundishwa. Wengine wakasema kwamba nikiachwa hivi hivi, kesho kila mfiwa atasema lake kaburini.

Kisha mchungaji akaniuliza swali ambalo naamini lilikuwa lake mwenyewe, si la kikao. "Mama, ukimwondolea Mungu kifo cha mtoto, umemwachia nini?"

"Nimemwachia wema wake," nilisema. "Ninyi mnataka kumwachia nguvu zote na kumnyang'anya wema. Mimi nikilazimishwa kuchagua, nitachagua Mungu aliyelia na mimi wodini, hata kama sijui kwa nini hakuzuia. Yule mwingine, anayechagua mtoto wa kumziba pumzi kisha anasubiri asifiwe, simjui, na simwimbii."

"Kwa hiyo kuna kilichomshinda?"

"Sijui, mchungaji. Wewe unajua?"

Aliangalia mikono yake. Ndani ya mkono wake, pale walipotoa damu, sidhani kama alama ilikuwa bado ipo, lakini nilijikuta napaangalia.

Wakati huo mama mkwe alisimama. Hakuomba ruhusa. Alisema kwa Kiswahili chake cha Kisukuma, polepole, kwamba yeye hakusoma, ila neno lile amelisema kaburini na kwenye misiba ya wenzake maisha yake yote. "Kama huyu mnataka atubu kwa kulikataa," alisema, "basi na mimi nianze kutubu kwa kulisema. Na mkimtenga, mniandike na mimi."

Mzee mmoja wa kike, ambaye hakuwa amezungumza tangu mwanzo, alifunika uso kwa mtandio wake. Nilijua kwamba naye alizika mtoto zamani. Mchungaji alisema tuombe. Sala yake ilikuwa fupi kuliko zote nilizowahi kumsikia, na maneno "mapenzi yako yatimizwe" hayakuwemo.

Uamuzi niliopewa ni kupumzika kwenye kwaya kwa muda. Muda huo haujatangazwa kwisha mpaka leo, na sijauliza. Kuna walionishauri nihamie kanisa lingine, na rafiki yangu mmoja aliyeacha kusali alinishangaa: kama nimeona yote haya, ninarudi kufanya nini? Nilimwambia siondoki kwenye nyumba eti kwa sababu wapangaji wenzangu wanamsema vibaya baba mwenye nyumba. Nakaa benchi la tatu kutoka mbele. Kiongozi wa ibada anaposema Mungu ni mwema, mimi huitikia kwa sauti kuliko wote, na bado wapo wanaogeuka kutazama. Waache watazame. Kwangu mimi hizo si shukrani. Ni madai. Namshika Mungu kwa neno lake.

Na wema huo nimeutafutia kazi. Nilimwendea mchungaji, nikamwambia wachumba wanaotaka kufungishwa ndoa wakapime damu kwanza. Haikuwa rahisi, kuna familia zilizosema ni kukosa imani, na moja ilikwenda kufungia ndoa kwingine. Lakini siku hizi, anaposoma matangazo ya ndoa, huwakumbusha kupima, bila kusema wazo limetoka kwa nani. Mama mkwe naye, kule Sengerema, amekuwa akiwaita wanawake wenye watoto wa macho ya njano na kuwaambia wawahi hospitali, na wasikubali kuitwa wachawi. Kwenye misiba anakwenda kama zamani, anapika, anabeba kuni. Ile sentensi ikifika, anajishughulisha na sufuria.

Binti yangu, yule mdogo, naye ana selimundu. Anameza dawa yake kila siku, yuko sekondari, na ni mkaidi kama mimi. Mwezi uliopita alishikwa na maumivu ya mgongo na miguu, nikakaa naye kitandani tangu asubuhi nikimkanda kwa kitambaa cha moto. Maumivu yalipotulia kidogo aliniuliza kwa nini yeye. Hakuuliza kwa kulia. Aliuliza kama mtu anayetaka kujua.

"Sijui," nilimwambia. "Na akija mtu akakuambia anajua, mwambie aje azungumze na mimi."

Alicheka, kisha akakunja uso kwa sababu kucheka kulimuumiza. Akaniomba nimgeuze upande wa pili. Nikamgeuza, nikalowesha kitambaa upya kwenye maji ya moto, nikaendelea kumkanda.